Mkarafuu na Ndugu Zake

Leo twaanza kwa kitendawili. Mkiisha kuitikia "Tega", sikilizeni: Nyumba moja ina ndugu watano. Wa kwanza ni tajiri, asafiri ng'ambo kila mwaka. Wa pili hupaka watoto rangi vinywani. Wa tatu ana mashavu mekundu na mwili wa maji. Wa nne hunukia marashi. Wa tano ni mlinzi wa kisima, wala halipwi mshahara.

Mmeshindwa? Tupeni mji. Haya, tumekwisha kwenda mji wetu, tumekula na kunywa, sasa twatoa jibu. Tajiri ni mkarafuu. Mpaka rangi ni mzambarau. Mwenye mashavu mekundu ni mtofaa. Anukiaye marashi ni mdarabi. Na mlinzi wa kisima ni yule mti wa bondeni ambao wengi wetu twauita mzambarau mwitu, na ambao kila kabila la bara lina jina lake la kuuita.

Hawa watano ni ndugu kweli, wala si kwa mfano tu. Wataalamu wa mimea huipanga miti kama sisi tupangavyo watu. Kuna kabila kubwa, na ndani ya kabila zimo koo, na ndani ya ukoo zimo aina. Kabila la miti hii ni kabila la mihadasi, mti utajwao katika vitabu vya kale vya nchi za Mashariki. Katika kabila hilo umo pia mpera, uliotoka Amerika, na mkaratusi, uliotoka Australia. Lakini mpera na mkaratusi ni watu wa koo nyingine. Watano wetu wanakaa ukoo mmoja, na jina lake la kitaalamu ni Syzygium, nasi tutalitamka Sizigiumu. Jina hilo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kuunganishwa pamoja, kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Tena ni jina lifaalo, kwani majani ya miti hii hukaa mawili mawili, jani likielekeana na jani.

Mtatuuliza: Yatufaa nini kuujua ukoo wa miti? Je, yatosha kujua kwamba huu ni wa kuuza, na huu ni wa kuni? Kabla ya kujibu tutakiri kosa letu wenyewe.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa walimu vijana katika chuo cha walimu, ilitupasa kuchoma matofali ya madarasa mapya. Tanuri la matofali lataka kuni nyingi. Bondeni, chini ya chuo, palikuwa na chemchemi, na kuizunguka palisimama mizambarau mwitu mikubwa, shina zake hazikumbatiki na mtu mmoja. Tukawapeleka wanafunzi na mashoka. Akaja mzee mmoja, jirani yetu. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," akasimama kitambo akitazama shoka linavyokula. Kisha akasema, "Mwalimu, miti hii ndiyo iliyowaonyesha baba zetu maji." Nasi tukamjibu kwa majivuno ya kitabu kwamba maji yatoka mawinguni, hayatoki mtini. Mzee hakubishana. Alituaga, akaenda zake.

Matofali yaliiva vizuri. Lakini masika yaliyofuata ukingo wa bonde, usioshikwa tena na mizizi, ulimomonyoka usiku mmoja, na udongo ukaifukia chemchemi. Tulizibua, ikajaa tena. Tulizibua mara ya pili, maji yakatoka machafu. Wake na binti wa kijiji kile wakawa wanateka maji mtoni mbali, na kila asubuhi walipita mbele ya madarasa yetu mapya na mitungi vichwani. Hakuna aliyetutukana. Yule mzee alitupita akatuamkia kama kawaida yake, na amkio lile lilituuma kuliko matusi.

Ndipo tulipoanza kujifunza habari za mti tuliokuwa tumeukata bila kuujua. Na katika kujifunza tulistaajabu kuona kwamba tumemkata ndugu yake mkarafuu.

Dalili za ukoo huu si ngumu, na kila mtoto wa shule aweza kuzitafuta. Kwanza, majani hukaa mawili mawili, nayo ni laini, yang'aa, na ukingo wake hauna meno. Pili, jani ukilifikicha lanukia, kwa kuwa ndani yake mna vifuko vidogo vya mafuta. Ukiliinua kuelekea jua, mara nyingi utaviona vifuko hivyo kama alama zilizotobolewa kwa sindano. Tatu, karibu na ukingo wa jani pana mshipa mwembamba ulizungukao, kama pindo la kanzu. Nne, ua halipendezi kwa petali bali kwa nyuzi zake nyingi, zisimamazo kama nywele za brashi. Nyuzi za mzambarau ni nyeupe. Za mtofaa ni nyekundu ya waridi, nazo zikianguka ardhi ya chini ya mti huwa kama imetandikwa zulia. Tano, tunda huwa na taji ndogo kwenye ncha yake, mahali palipokuwa ua.

Wale wasio na mti karibu na watwae karafuu moja jikoni. Karafuu si tunda wala si mbegu. Ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Iloweke katika maji ya moto mpaka ilainike. Utaona meno manne, na katikati yake kichwa cha mviringo. Kichwa hicho ni petali zilizojikunja. Kifungue polepole kwa mwiba, na ndani utaziona zile nyuzi nyingi, zimelala zikingoja siku ambayo haikufika.

Ukoo huu ni mkubwa ajabu. Aina zake zapata 1,200, na wataalamu wasema kwamba hakuna ukoo mwingine wa miti duniani wenye aina nyingi kuupita. Nyingi ziko katika visiwa vya Indonesia, Malaysia, Guinea Mpya na Australia. Mwaka 2022 kundi la wataalamu walitangaza kwamba wamezisoma chembe za urithi za mamia ya aina hizo, nao wakaona kwamba asili ya ukoo ni nchi za Australia na Guinea Mpya, na kwamba kutoka huko ulisafiri kuelekea magharibi zaidi ya mara moja, mpaka ukafika Bara Hindi na Afrika. Ndege na popo hula matunda yake na kuzichukua mbegu, wakapanda mashamba wasiyojua kuwa wanayapanda.

Basi tuwatazame ndugu mmoja mmoja. Mzambarau ulitoka Bara Hindi na nchi zilizo jirani. Huko huitwa jambu, na vitabu vya kale vya Wahindi viliiita dunia ikaliwayo na watu kisiwa cha mjambu. Kwetu tunda lake limetupa hata jina la rangi: tukisema nguo ya zambarau, twaitaja rangi ya ulimi wa mtoto aliyetoka kula mtini bila ruhusa. Mtofaa na mdarabi ilitoka pande za Asia ya kusini na mashariki. Matunda yake ni mepesi, yana maji mengi, na darabi yanukia kama maji ya waridi. Mzambarau mwitu haukuletwa na mtu. Ni mwenyeji wa Afrika. Aina moja yake yaonekana tangu Senegal hata Ethiopia, na kusini hata Afrika Kusini. Aina nyingine, yenye jani lililokatwa kama moyo kwenye shina lake, hupenda hasa kando ya mito na mahali penye majimaji. Matunda ya miti hii watoto huyala, nyuki huyapenda maua yake, na mizizi yake hushika ukingo wa mto kama vidole vishikavyo mkono wa mtoto.

Na mkarafuu? Hadithi yake ni ndefu, nasi tutaikata kwa ufupi. Nyumbani kwake ni visiwa vidogo vya Maluku, katika Indonesia: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Katika karne ya 17 kampuni ya Waholanzi ilitaka biashara yote ya karafuu iwe mikononi mwake peke yake. Ikaamuru mikarafuu ikatwe katika visiwa vingi, ikabakizwa hasa Ambon na visiwa vya jirani, mahali walipoweza kuilinda. Wenyeji waliokataa walipigwa vita. Maelfu ya miti yakaanguka, si kwa sababu yalikuwa mabaya, bali kwa sababu yalikuwa mema mno.

Kuiba mbegu ya mkarafuu hakukuwa rahisi, na sababu yake sisi tuliijua kwa mikono yetu. Tulipotaka kupanda tena miti ya chemchemi, tuliokota zambarau mwitu, tukazianika mbegu dirishani kama mtu aanikavyo mahindi ya kupanda, tukazihifadhi mpaka mvua. Hazikuota hata moja. Mwaka wa pili tulizipanda siku ile ile zilipookotwa, zingali mbichi, nazo zikaota. Mbegu ya mkarafuu ina tabia hiyo hiyo: ikikauka imekufa. Hivyo mwizi wa karafuu hawezi kutia mbegu mfukoni akasafiri nazo miezi mingi. Lazima achukue mche hai, aunyweshe maji matamu katikati ya maji ya chumvi.

Hata hivyo, Mfaransa aliyeitwa Pierre Poivre, aliyekuwa mwangalizi wa mambo ya serikali katika kisiwa cha Mauritius, alituma merikebu Maluku, na mwaka 1770 zikarudi na miche ya mikarafuu na mikungumanga. Miche ya mikarafuu iliyosalimika ilikuwa michache. Kutoka katika hiyo michache mikarafuu ilienea katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Na katika miaka ya kwanza ya karne ya 19 Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil al-Abri, ndiye atajwaye kuwa aliileta Unguja, ikapandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan akawahimiza watu wake waipande kwa wingi, na kabla ya kufa kwake mwaka 1856 Unguja na Pemba zilikuwa zimejulikana ulimwenguni kwa karafuu.

Hatuna budi kusema na jambo la pili, maana habari isemwayo nusu ni uongo. Mashamba yale yalifyekwa, yakapandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, waliotekwa bara na kuvushwa bahari. Utumwa haukupigwa marufuku Unguja na Pemba ila mwaka 1897. Harufu ile nzuri ilipanda pamoja na kilio, na mwanafunzi aisomaye habari ya mkarafuu asiyasahau hayo.

Sasa twafika kwenye neno lenyewe tulilotaka kuwaambia jioni hii. Utajiri uliosimama juu ya mti mmoja ni utajiri uliosimama kwa mguu mmoja. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu mingi mno. Pemba haikuumia sana, na tangu siku hizo ndiyo iliyotangulia kwa mavuno. Kisha ukaja ugonjwa. Mti mkubwa, wenye afya machoni, ulinyauka ghafula, na baada ya siku chache ulikuwa umekauka umesimama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mikarafuu mingi ya Unguja ilikufa hivyo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, walionyesha kwamba kifo hicho cha ghafula kilihusika na kuvu mmoja akaaye katika mizizi. Na kwa kuwa asili ya mikarafuu yetu ni ile miche michache, miti hii yafanana sana. Watu wafananao sana, ugonjwa umuuao mmoja waweza kuwaua wengi.

Wala hatari si ya jana tu. Kuna kutu ya majani iliyotoka Amerika ya Kusini, ambako wataalamu waliiandika mara ya kwanza mwaka 1884 juu ya mpera. Huonekana kama unga wa manjano juu ya majani machanga na machipukizi, nayo hulishambulia kabila zima la mihadasi. Mwaka 2005 ilionekana Hawaii, ikaiangamiza midarabi iliyokuwa imejaa huko. Mwaka 2010 ilifika Australia, na aina kadhaa za miti ya porini zikapungua sana. Mwaka 2013 ilitambuliwa Afrika Kusini. Basi mtu asafiriye asichukue miche wala matawi ya miti hii kutoka nchi ya mbali, hata kama ni zawadi ya rafiki. Na mkulima auonaye unga wa manjano juu ya majani machanga ya mpera, mdarabi au mkarafuu asinyamaze, bali akamwambie bwana shamba.

Ndugu zetu, twaulizana tena: Yafaa nini kuujua ukoo? Yafaa hivi. Mkarafuu mmoja hauwezi kutulinda na kila baya. Ukoo mzima una akili nyingi kuliko mtu mmoja wa ukoo. Kuna ndugu awezaye kusimama majini, na ndugu awezaye kustahimili ukame, na ndugu azaaye baridini milimani. Aina iliyokatwa ikaisha hairudi, na siku tutakapohitaji iliyokuwa nayo hatutakuwa na mahali pa kuomba. Wahenga walisema kwamba damu ni nzito kuliko maji. Lakini kwa miti hii twaweza kusema kwamba damu na maji zimekaa bonde moja.

Wanafunzi, twawapa kazi tatu. Ya kwanza: tafuteni miti ya ukoo huu karibu na shule yenu, mkitumia zile dalili tano, mwandike majina yake kwa lugha za nyumbani kwenu. Wazee wanayajua, msione haya kuwauliza. Ya pili: wakati wa zambarau, pandeni mbegu mbichi kumi katika makopo, mkahesabu miche. Msishangae mkiona mbegu moja imetoa miche miwili au mitatu, kwani ndiyo desturi ya mzambarau. Ya tatu: ikiwa kijiji chenu kina chemchemi iliyo wazi, ombeni ruhusa kwa wazee, mkapande mizambarau mwitu kuizunguka.

Nanyi wazazi, shoka likifika bondeni, ulizeni kwanza jina la mti. Kuni zaweza kupatikana mahali pengine, na mwaweza kupanda miti ya kuni itakayokua upesi. Mti wa chemchemi ulipandwa na ndege zamani, nao hutumika usiku na mchana.

Mtapenda kujua mwisho wa chemchemi yetu. Miche tuliyoipanda ilipokuwa imefika kimo cha mtoto, yule mzee alikuja tena, akaikagua mmoja mmoja kama mtu akaguaye ndama zake. Tukamwambia, "Mzee, tulikosa." Akajibu, "Mwalimu, mti hausomi kitabu, lakini wafundisha." Kisha akaomba jembe, akapalilia nasi mpaka jua likachwa. Sasa mzee amekwisha lala mauti, Mungu amrehemu. Miti imepita urefu wa paa la chuo. Maji hayajarudi yote kama zamani, lakini yamerudi, na asubuhi twawaona watoto wakiteka pale, midomo yao ya zambarau.